Kazi mpya Nakuru, upasuaji Kisumu: aseme lini, aseme nini?

Kisa hiki tumekichora ili hesabu zionekane wazi. Mhasibu wa miaka 34, mkazi wa Kisumu, mkataba wake na mradi mmoja uliisha tarehe 31 Desemba 2025. Jumatatu tarehe 12 Januari 2026 akapata barua ya ajira kutoka kampuni ya pembejeo za kilimo mjini Nakuru. Mshahara ni shilingi 66,000 kabla ya makato, kazi inaanza Jumatatu tarehe 2 Februari, muda wa majaribio ni miezi sita, na jibu linatakiwa kufikia Ijumaa tarehe 16.

Ambalo Nakuru hawalijui ni kwamba tangu Novemba amekuwa akihudhuria kliniki kwa sababu ya uvimbe kwenye mji wa mimba. Hedhi inamtoka kwa wingi, kipimo cha damu (himoglobini) kimeshuka hadi 8.2, na daktari wa Kisumu ameshampangia upasuaji wa kufungua tumbo tarehe 10 Machi. Baada ya hapo ni wiki sita za kupona. Kwenye mahojiano hakuulizwa chochote kuhusu afya, naye hakusema.

Mama yake anamwambia anyamaze mpaka amalize miezi sita. Rafiki yake anamwambia apige simu leo na aeleze kila kitu ili asionekane mdanganyifu. Ushauri wa mama ungemharibia kazi, na wa rafiki ungemvua nguo bure.

Kunyamaza na kudanganya

Sheria ya Kenya haimlazimishi mtu anayetafuta kazi ya ofisini kujitangazia ugonjwa wake kwenye mahojiano. Kazi ambazo afya ya mfanyakazi inaweza kuhatarisha wengine, kama kuendesha basi au kushika chakula, zina masharti yake. Kwa hiyo hadi tarehe 12 Januari mhasibu huyu hajamkosea mtu.

Mambo hubadilika akipewa fomu. Kampuni nyingine humtuma mwajiriwa mpya kwa daktari wao, au humpa karatasi yenye swali kama "Je, kuna matibabu au upasuaji uliopangwa katika miezi 12 ijayo?" Akijaza "hapana" huku ana kadi ya kliniki yenye tarehe, hapo amedanganya kwa maandishi, na karatasi hiyo ndiyo itakayotolewa siku wakitaka kumwondoa. Fomu ikija, ajaze ukweli kwa ufupi: "Ndiyo, upasuaji mmoja uliopangwa, maelezo yatatolewa na daktari." Fomu ya bima ya matibabu ya kampuni ndiyo ya kuogopwa zaidi, kwa sababu bima hukataa kulipa ikigundua ugonjwa uliofichwa, na bili humrudia mgonjwa akiwa bado kitandani.

Kwa nini tarehe 10 Machi haifai

Watu wengi hudhani likizo ya ugonjwa huanza siku ya kwanza ya kazi. Kifungu cha 30 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinasema haki hiyo inaanza baada ya miezi miwili mfululizo kazini: angalau siku 7 kwa mshahara kamili, kisha siku 7 kwa nusu mshahara, katika kila miezi 12. Ukianza kazi tarehe 2 Februari, miezi miwili inatimia mwanzo wa Aprili. Kwa hiyo tarehe 10 Machi mhasibu huyu hana hata siku moja ya kudai. Akienda hospitali bila makubaliano, anaweza kuhesabiwa kuwa ametoroka kazi, na kutokuwepo kazini bila ruhusa wala sababu halali ni kosa la kufukuzwa papo hapo chini ya kifungu cha 44.

Kabla ya kuzungumza na Nakuru, basi, arudi kwa daktari na maswali matatu. La kwanza: upasuaji unaweza kungoja mpaka mwanzo wa Mei bila hatari? La pili: ni siku ngapi hasa za kukaa nyumbani, na kati ya hizo ni zipi anaweza kufanya kazi ya kompyuta akiwa ameketi? La tatu: ni lazima tumbo lifunguliwe, au uvimbe unaweza kutolewa kwa matundu madogo, ambako kupona huchukua takriban wiki mbili hadi nne?

Swali la kwanza ndilo zito. Uvimbe wa aina hii mara nyingi huruhusu kungoja, na kwa mtu mwenye damu ya 8.2 kungoja kunaweza hata kumsaidia. Madaktari wengi hawapendi kupeleka chumba cha upasuaji mgonjwa ambaye damu haijafika 10, na vidonge vya madini ya chuma vinahitaji wiki kadhaa kuipandisha. Daktari anaweza pia kumpa dawa ya kupunguza damu siku za hedhi. Lakini akijikuta analowesha pedi nzima kila saa kwa saa kadhaa, anapata kizunguzungu akisimama, au anahema akipanda ngazi, asingoje Mei. Aende hospitali siku hiyo hiyo, kazi ikiwa imeanza au haijaanza. Tarehe hupangwa na daktari. Mwajiri huzungumziwa baada ya daktari kusema.

Tuseme daktari amekubali Jumanne tarehe 5 Mei, alazwe Jumatatu tarehe 4. Tarehe hiyo inafaa kwa sababu nyingine ambayo meneja wa fedha ataielewa upesi. Kampuni inayofunga mwaka Desemba inatakiwa kumaliza kulipa kodi yake ya mapato kufikia tarehe 30 Aprili. Mhasibu atakayekuwepo Februari hadi Aprili, miezi ya ukaguzi wa hesabu, kisha akaondoka Mei, si mzigo mkubwa. Atakayeondoka Machi atalaaniwa na ofisi nzima. Tena Ijumaa tarehe 1 Mei ni Siku ya Wafanyakazi, kwa hiyo anasafiri Nakuru hadi Kisumu, karibu kilomita 180 kupitia Kericho, bila kugusa siku ya kazi.

Daktari akikataa kungoja, njia iliyobaki ni kuomba tarehe ya kuanza kazi isogezwe hadi Jumatatu tarehe 27 Aprili. Kampuni yenye shida ya mhasibu sasa hivi huenda ikakataa. Hata hivyo ni heri kukataliwa Januari kuliko kufukuzwa Machi ukiwa na nyuzi tumboni.

Hesabu ya siku

Hapa ndipo wengi huenda kwa bosi mikono mitupu. Husema "nitahitaji kama mwezi na nusu hivi", na bosi anasikia miezi miwili. Mhasibu aende na jedwali.

Kuanzia Jumatatu tarehe 4 Mei hadi Jumatatu tarehe 15 Juni, kwa ofisi inayofanya kazi Jumatatu hadi Ijumaa na ukiondoa sikukuu ya Madaraka tarehe 1 Juni, ni siku 30 za kazi. Likizo ya ugonjwa inampa 14. Likizo ya mwaka ni siku 21 kwa miezi 12, yaani 1.75 kwa mwezi, hivyo kwa miezi mitatu atakuwa amejikusanyia siku 5 na robo. Kisheria likizo hiyo huiva baada ya mwaka, kwa hiyo kuichukua mapema ni kwa ridhaa ya mwajiri, na ridhaa huombwa. Jumla ni 19. Zinabaki 11 zisizo na mwenyewe.

Siku hizo 11 zote zikiwa likizo bila malipo, na mshahara ukigawanywa kwa siku 22 (shilingi 3,000 kwa siku), atapoteza 33,000, pamoja na 10,500 za siku saba za nusu mshahara. Hiyo ni 43,500. Lakini daktari akikubali kwamba baada ya wiki ya nne anaweza kufanya kazi ya kompyuta nyumbani nusu siku, mpango unakuwa hivi: tarehe 4 hadi 29 Mei ni siku 20 za kazi, yaani 14 za ugonjwa, 5 za likizo ya mwaka na 1 bila malipo, kisha tarehe 2 hadi 15 Juni ni siku 10 za nusu kazi kwa nusu mshahara. Hasara inashuka hadi 28,500. Idd-ul-Adha inatarajiwa mwishoni mwa Mei; ikitangazwa sikukuu, ile siku moja bila malipo nayo inaweza kufutika.

Mambo mawili ya kuuliza kabla hajaamini hesabu hii. Kwanza, "siku" kwenye mkataba ni siku za kazi au za kalenda? Sheria inasema siku tu. Kampuni ikihesabu Jumamosi na Jumapili, siku 14 zinaisha tarehe 17 Mei, na siku bila malipo zinapanda kutoka 1 hadi 5, yaani shilingi 12,000 zaidi. Pili, mshahara wa siku wanaugawa kwa 22, 26 au 30? Sheria inataka mkataba wa maandishi ueleze habari za ugonjwa na malipo yake. Kipengele hicho kikikosekana, aulize kabla ya kutia sahihi, kwa swali la kawaida tu kuhusu likizo zote, bila kujitaja.

Lini hasa

Atie sahihi Alhamisi tarehe 15 Januari, arudishe barua, abaki na nakala iliyotiwa sahihi na pande zote mbili. Kisha Jumatatu tarehe 19, wiki mbili kabla ya kuanza, aseme.

Kabla ya sahihi, kampuni inaweza kumpa kazi mtu wa pili kwenye orodha na kusema "tumepata mwenye uzoefu zaidi". Hakuna atakayethibitisha vinginevyo. Baada ya sahihi, wakitaka kujitoa lazima waandike, na maandishi huacha alama.

Na kwa nini asingoje hadi Aprili, haki ya siku 14 ikishaiva? Kisheria angeweza. Kwa maoni yetu hilo ndilo kosa linalowagharimu watu kazi, kwa sababu ya tarehe. Barua ya hospitali, ile ya kumpangia upasuaji, ina tarehe ya kwanza ya kliniki: Novemba. Meneja akiisoma Aprili anajua aliajiri mtu aliyekuwa akijua. Na kificho chenyewe hakimlindi: katika muda wa majaribio mkataba unaweza kuvunjwa kwa notisi ya siku 7 au malipo ya siku 7. Ni kweli kwamba mwaka 2021 Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi iliamua kwamba hata aliye kwenye majaribio anastahili kusikilizwa kabla ya kuachishwa. Lakini kusikilizwa si kubakizwa.

Aanze na meneja wa fedha, atakayebaki na kazi yake mikononi, kwa simu. Meneja huyo akiambiwa na ofisi ya wafanyakazi kabla ya kuambiwa na mhusika, ananuna, na ni yeye atakayejaza fomu ya kumthibitisha kazini mwezi wa nane. Simu yenyewe isizidi dakika tano:

"Habari za asubuhi, madam. Nimerudisha mkataba, nashukuru. Kuna jambo moja nataka ulijue mapema ili tulipange. Nina upasuaji uliopangwa tarehe 5 Mei. Nitakuwepo ukaguzi wote mpaka mwisho wa Aprili. Nitakuwa nje mwezi wa Mei, halafu nusu siku nyumbani mpaka katikati ya Juni."

"Pole sana. Ni ugonjwa gani? Ama ni mtoto?"

"Hapana, si uja uzito. Ni upasuaji wa kawaida, daktari ameniambia nitarudi kazini bila shida. Barua yake nitaileta."

Na anyamaze hapo. Swali la mtoto litakuja, mwanamke wa miaka 34 akitaja upasuaji. Si lazima alijibu. Tumemwekea jibu kwa sababu ukimya kwenye simu mara nyingi huchukuliwa kama "ndiyo". Akiulizwa mara ya pili ni ugonjwa gani, arudie tarehe. Mwajiri anahitaji siku, si jina la ugonjwa. Taarifa za afya ni data nyeti chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Zaidi ya sheria, kuna maisha ya ofisi: neno "kizazi" likishatoka kwenye simu ile, kufikia Februari litakuwa limefika kantini.

Alasiri ya siku hiyo hiyo atume barua pepe kwa ofisi ya wafanyakazi, nakala kwa meneja. Ofisi nyingi zitaitaka kwa Kiingereza, lakini yaliyomo ni haya:

"Kufuatia mazungumzo yangu na Meneja wa Fedha leo, nathibitisha kwamba nina upasuaji uliopangwa tarehe 5 Mei 2026. Naomba ruhusa kuanzia tarehe 4 hadi 29 Mei, ikijumuisha siku 14 za likizo ya ugonjwa, siku 5 za likizo ya mwaka na siku 1 bila malipo, kisha kazi ya nusu siku nyumbani kuanzia tarehe 2 hadi 15 Juni. Tarehe ya hospitali ikisogezwa, naomba mpango huu usogee kwa idadi hiyo hiyo ya siku, nami nitawajulisha siku nitakayoarifiwa. Nitaleta cheti cha daktari. Marejesho ya kodi za PAYE ya tarehe 9 na VAT ya tarehe 20 nitayaandalia maelezo ya makabidhiano kabla ya tarehe 30 Aprili. Naomba jibu kwa maandishi."

Sentensi ya "tarehe ikisogezwa" isiachwe nje. Upasuaji wa kupangwa husogea: damu haijapanda, idhini ya SHA, bima ya afya ya serikali, haijatoka, wagonjwa wa dharura wamejaza chumba, madaktari wamegoma. Mgomo wa madaktari wa hospitali za umma mwaka 2024 ulichukua siku 56, na ule ulioishia Machi 2017 ulichukua siku 100. Aliyepewa "likizo ya Mei" atajikuta ameimaliza nyumbani, tumbo likiwa bado na uvimbe.

Kuna pia kete moja ambayo wachache huitumia. Kampuni ikisita kwa kuwa wiki sita zitakula muda wa kumpima, yeye mwenyewe ajitolee kurefusha majaribio kwa wiki sita. Sheria inaruhusu kurefusha kwa ridhaa ya mfanyakazi, mradi jumla isizidi miezi 12. Hakimgharimu kitu kikubwa, na kinamwondolea meneja hoja yake kuu.

Wakisema hapana

Kukataa mpango si sawa na kuvunja mkataba. Wakikataa kazi ya nyumbani, anarudi kwenye hesabu ya 43,500 na kuuliza kama siku zote 11 zinaweza kuwa bila malipo. Wakikataa hizo pia, anabaki na siku 14 za sheria kuanzia Aprili, ambazo hazimtoshi mtu aliyefunguliwa tumbo, na hapo lazima achague kati ya kungoja zaidi, kama daktari ataruhusu, na kuiacha kazi. Tusimdanganye mtu kwamba kuna njia ya tatu.

Wakiondoa ajira yenyewe baada ya barua pepe ya tarehe 19, hilo ni jambo jingine. Ibara ya 27 ya Katiba inataja hali ya afya kati ya misingi ambayo mtu hapaswi kubaguliwa kwayo, na kifungu cha 5 cha Sheria ya Ajira kinakataza ubaguzi hata kwa anayetafuta kazi, ingawa orodha yake haitaji ugonjwa wa kawaida kwa jina. Aanze kwa afisa wa leba wa kaunti, akiwa na barua ya ajira, nakala iliyotiwa sahihi, barua pepe yake na jibu lao. Mahakama ya Ajira inakaa Nakuru na Kisumu pia, na madai ya aina hii yana muda wa miaka 3. Kesi hukawia. Kwa wengi, barua ya wakili yenye tarehe mbili, ya barua pepe na ya kuondolewa kazini, zikiwa bega kwa bega humaliza mazungumzo kwa fidia.

SHA na karatasi za hospitali

Mkato wa SHA ni asilimia 2.75 ya mshahara, kwake shilingi 1,815 kwa mwezi, na mwajiri anatakiwa kuupeleka kufikia tarehe 9 ya mwezi unaofuata. Januari hana mwajiri, na mchango wa Februari unaweza kuingia tarehe 9 Machi. Hilo pengo la Januari lisimkute mlangoni mwa wodi. Aangalie hali yake kwa *147# mwishoni mwa Machi na tena katikati ya Aprili, na kama kuna mwezi unaodaiwa aulize dawati la SHA hospitalini namna ya kuulipa. Mchango ukikosekana kwa sababu kampuni imechelewesha, alete picha ya hati ya mshahara inayoonyesha makato. Ofisi ya wafanyakazi huamka haraka ikiona maandishi yake yenyewe.

Siku ya kuruhusiwa kwenda nyumbani atapewa karatasi mbili, na watu huzichanganya. Muhtasari wa matibabu unaeleza kila kitu: uvimbe ulikuwa mkubwa kiasi gani, damu aliyoongezewa, dawa. Huo ni wake na wa kliniki. Ya kupeleka kazini ni cheti kifupi kilichotiwa sahihi na daktari, chenye jina, tarehe ya upasuaji, na maneno kama "hawezi kufanya kazi kuanzia … hadi …, kazi nyepesi kuanzia …". Aombe "ameketi, bila kubeba zaidi ya kilo 5" iandikwe humo, maana ofisi ya pembejeo ina magunia, na mtu atamwomba ashike upande mmoja. Apige picha ya cheti, akitume kwa barua pepe siku hiyo hiyo, kamwe si kwenye kundi la WhatsApp la idara.

Kidonda hukaguliwa baada ya siku 10 hadi 14, na kliniki ya wiki sita itaangukia karibu na tarehe 16 Juni, siku ya kurudi kazini. Aiombe iwe Ijumaa tarehe 12, akiwa bado Kisumu, ili daktari akimwongezea wiki moja, ofisi ya Nakuru ipate cheti kipya kabla ya Jumanne hiyo.